Kopo la Jumla

Iringa, 9 Februari 1957

Babu yangu Bushiri,

Shikamoo, na shikamoo ya pili umpelekee mke wangu Bibi Mwanakhamisi. Mwambie kanzu aliyonishonea bado naivaa Ijumaa. Mimi sijambo. Kifua kimetulia. Ofisini kwa wapima ardhi wananipa hesabu za viwanja kutwa nzima, na karani mkuu amezoea kuniita "yule aliyerudi".

Babu, nina ombi, nawe usicheke kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Unakumbuka mashine ya kukokotoa niliyokusimulia, ile niliyokuwa nikijifunza Uingereza kabla kifua hakijanirudisha nyumbani? Haijui lugha ya mtu yeyote. Inajua namba tu, na kila amri kwake ni namba. Nimetunga lugha ndogo ya maneno kumi na mawili ya Kiswahili, na sasa ninaandika mkalimani wake, yaani maagizo ya kuyageuza maneno yangu yawe namba za mashine. Mwalimu wangu wa kule ameniandikia. Anasema mkalimani akimfikia kabla ya Julai kwisha, atamjaribu kwa mkono wake. Akifanya kazi, nitarudishiwa nafasi yangu mwezi wa Oktoba. Asipofanya kazi, yamekwisha. Hakuna mwaka mwingine.

Shida ni kwamba Iringa hakuna mashine. Nataka wewe uwe mashine.

Ulipanga barua Posta ya Chunya miaka kumi na moja, kila barua kwenye kijumba chake cha namba. Kazi ni ileile. Panga makopo kwenye mstari, yaandike namba, hesabu kwa maharage. Karatasi ya amri nimeifunga humu. Fanya kilichoandikwa, basi. Usitumie akili, Babu, uniwie radhi kwa neno hilo. Mtu mwenye kuelewa atanisahihishia kosa bila kujua, na mashine haitanisahihishia.

Mjukuu wako,
Muhidini


Ilomba, 27 Februari 1957

Kwa mume mwenzangu Muhidini, unayelala peke yako Iringa na baridi yote ile,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa kama kuku wa mvua. Mke wetu amepokea shikamoo yake, akasema shikamoo haikorogeki kwenye chai, mume mwenye haya hutuma na sukari. Hajambo, analalamika miguu. Mimi nalalamika yeye. Jirani yetu Esta, yule Mkristo wa nyumba ya bati, anakusalimu na kuuliza kama umeoa. Nimemwambia umeoa bibi yako, hatujui nani atakuachisha.

Sasa hilo la mashine. Bwana wee, toka nizaliwe watu wananisihi nitumie akili. Mwalimu wa Kijerumani alinichapa miaka miwili kwa kutoitumia, ndipo baba akanitoa shule ili ngozi ipone. Wewe ndiye mtu wa kwanza duniani kuniomba niiweke kando. Kazi hiyo naiweza.

Nimepanga makopo sita ya maziwa ukumbini. Nimeyaandika namba kwa mkaa. Nimekaa kwenye mkeka tangu nilipotoka kuswali adhuhuri. Karatasi ikasema: tia punje moja kopo la Jumla. Nikatia. Ikasema: moja na moja, jumlisha. Nikapata mbili, nikatafuta pa kuziweka, hukuniambia, nikazimwaga. Ikasema: tazama, je, moja imepita saba? Nikatazama. Haijapita. Ikasema: basi rudi juu uanze tena. Nikarudi. Tia moja. Moja na moja. Je, moja imepita saba?

Muhidini, moja haikupita saba. Nilimpa nafasi mara mia mbili na kumi. Alasiri ikaingia, maharage ya nyumba nzima yakahamia kwenye kopo lako, mke wetu akasimama mlangoni na mwiko akasema, "Bushiri, usiku tunakula nini, namba?"

Nikaacha. Mashine yako inaumwa mgongo.

Babu yako asiye na akili,
Bushiri


Iringa, 18 Machi 1957

Babu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa na samahani kwa mgongo. Sukari ya Bibi nimempa dereva wa basi, iulizie kituoni.

Kosa ni langu. Nilianza na maneno haya: SIKU IWE moja. Kisha: ongeza SIKU kwenye JUMLA, halafu ongeza moja kwenye SIKU, rudia mpaka SIKU ipite saba. Mkalimani wangu ana daftari lake. Aliposoma SIKU IWE moja, aliandika humo, "SIKU ni moja", na kila alipoliona jina SIKU akalifuta akaweka moja. Kwa kitu kisichobadilika hakuna ubaya: juma lina siku saba, leo na mwakani. Lakini SIKU inatakiwa iende, leo moja, kesho mbili. Yeye aliigandisha asubuhi ya kwanza, ndiyo maana ulizunguka mahali pamoja.

Nimembomoa na kumjenga upya, wiki mbili. Sasa daftari halina namba iliyomo ndani. Lina jina na kopo: SIKU ni kopo la kwanza, JUMLA ni kopo la pili. Mkalimani hajui kopo lina nini, wala haimhusu. Anajua lilipo, basi. Penye IWE, unamwaga kilichomo na kutia kipya. Penye ONGEZA humwagi, unatia juu ya kilichomo.

Karatasi mpya ni hii. Jibu sikuambii, usije ukanionea huruma.

Muhidini


Ilomba, 6 Aprili 1957

Mume mwenzangu,

Tumefunga siku ya sita leo, basi ukiona mwandiko umelegea, ni tumbo linaloandika.

Ungeniuliza mimi mapema ningekuambia, lakini si ulinikataza akili? Kule Chunya alikuwepo mchimba dhahabu mmoja, Saulo, mwenye kijumba namba kumi na nne. Wiki hii barua ya mke, wiki ijayo barua ya mke mwingine, wiki ya tatu barua ya mahakama. Vilivyomo vilibadilika kila gari lilipofika. Kijumba kilibaki kumi na nne. Kama ningeandika daftarini "Saulo ni barua ya mke", yule maskini angesoma barua ileile mpaka kufa. Hilo ndilo lililokugharimu wiki mbili na maharage yangu?

Haya. Nimekaa mkekani, nimefuata karatasi. SIKU ikatembea kama mtu mzima: moja, mbili, tatu. Ilipopita saba, karatasi ikasema simama, nikasimama, kwa shida. Nimemwaga kopo la Jumla mkekani nikahesabu mara mbili, kwa macho na kwa vidole, maana macho yangu siku hizi huongopa.

Ishirini na nane.

Nilipiga vigelegele mwenyewe kwa kukosa mtu wa kunipigia.

Mashine,
Bushiri


Iringa, 17 Aprili 1957

Babu, Babu!

Ishirini na nane ndilo lenyewe. Nimeisoma barua yako nimesimama Posta, karani wa Posta akadhani nimepata urithi.

Nakuomba jambo moja la mwisho. Karatasi ileile, irudie. Jibu la mara moja laweza kuwa bahati, na sitaki kumpelekea Mwalimu bahati. Likitoka hilohilo, namtumia mwezi wa Mei kwa ndege, muda ungalipo. Mambo yakinyooka nitaondoka Septemba. Safari hii masomo ni miaka minne mfululizo, hakuna kurudi katikati, nauli hawatoi.

Barua yako haikumtaja Bibi. Ameipenda sukari?

Muhidini


Ilomba, 19 Mei 1957

Muhidini,

Idi imepita. Mvua imekata barabara, barua yako imekaa njiani kuliko mimi nilivyokaa tumboni mwa mama yangu.

Nimerudia karatasi. Jibu ni thelathini na tatu. Nikarudia tena. Thelathini na tatu.

Bibi yako yupo.

Bushiri


Iringa, 1 Juni 1957

Babu, shikamoo.

Barua ya mistari minane kutoka kwako imenitisha kuliko hiyo thelathini na tatu.

Nimepitia amri zote za mkalimani, mia tatu na arobaini, moja moja, kwa rula na kalamu nyekundu. Sioni kitu. Nikiifanya mwenyewe kwenye karatasi, napata ishirini na nane. Ingekuwa imepungua saba au imezidi nane, ningejua nimezunguka vibaya. Hizi tano zinatoka wapi? Una hakika, Babu? Makopo yaleyale? Tafadhali rudia mbele ya mtu, uniandikie kila hatua.

Na Bibi "yupo", ndiyo habari gani hiyo? Hata mlango upo.

Muhidini


Iringa, 20 Juni 1957

Babu,

Sijapata jibu. Nimemwuliza dereva wa basi, anasema barabara imekauka tangu tarehe tano.

Nimechoka. Mkalimani mwenye kutoa ishirini na nane leo na thelathini na tatu kesho siwezi kumpeleka kwa mtu. Ni heri mkosaji wa siku zote, unaweza kumkamata. Karani mkuu anatafuta mtu wa kuhamia kambi ya Ruaha Mbuyuni kupima mifereji ya mashamba ya vitunguu, kazi ya kudumu. Nimemwambia nitampa jibu tarehe kumi Julai. Nadhani nitakubali. Ni joto kule, kifua kitapenda.

Usijisumbue tena na makopo. Yarudishe jikoni.

Muhidini


Ilomba, 25 Juni 1957

Mjukuu wangu Muhidini,

Leo sikuiti mume mwenzangu. Utani una siku zake.

Sikiliza, usinikatize. Kabla ya Pasaka ya Wakristo, Esta alikuja kuazima kopo la kupimia mchele. Akachukua lile la pili, la Jumla, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mlango. Baada ya sikukuu akalirudisha. Unajua adabu ya vyombo: cha jirani hakirudi kitupu. Na unajua mwaka huu ulivyo, watu wanakula mbegu kwa njaa. Basi akatia alichokuwa nacho, punje tano za maharage ya mbegu, yale yenye madoadoa. Akaliweka kwenye mstari wake, kimya, akaondoka. Mimi macho haya, kopo lile refu, sikuona.

Barua yako ilipofika nikafanya karatasi. IWE ya SIKU ilimwaga kopo la SIKU. Lakini JUMLA hukuiwekea IWE. Uliitaja tu, halafu ONGEZA, ONGEZA. Nikatia juu ya kilichomo, kama ulivyoagiza. Nilipomwaga mkekani ikawa thelathini na tatu, na katikati ya maharage yangu mekundu zipo tano zenye madoadoa, zinanitazama.

Nilijua palepale. Sikuhitaji akili wala mwalimu. Nikafanya mara ya pili na kopo tupu, ikatoka ishirini na nane. Nami nikakuandikia "nikarudia tena, thelathini na tatu". Niliongopa. Zile tano nimezifunga kwenye leso, zimo kwenye kibweta changu tangu siku hiyo.

Kwa nini? Uliandika miaka minne. Siku niliyoisoma, bibi yako alikuwa na wiki mbili hajainuka kitandani. Si miguu tena, ni maji, yamepanda mpaka tumboni. Dresa wa zahanati alikuja, akatazama, akafunga mkoba. Bibi yako akaniapisha nisikuandikie, akasema utaacha kazi uje ukae hapa kumtazama anavyovimba. Nikaapa. Basi nikawaza, kuhusu yeye nimeapa, kuhusu makopo sijaapa. Mkalimani akikwama, mtoto habanduki Iringa, na Iringa ni safari ya siku moja. Uingereza ni miaka minne, na mimi nina sabini na tatu.

Juzi Esta alikuwa anamkanda miguu, akamwambia kwa kucheka, "Mama, mwaka huu nina haya. Pasaka nilikurudishia kopo na punje tano tu." Esta alipotoka mke wangu akaniita.

"Bushiri. Mtoto aliuliza hesabu yake. Ulimjibu ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Na yenyewe ni ngapi?"

Nikajifanya natafuta kofia.

"Bushiri bin Salum, hiyo kofia unayo kichwani. Ngapi?"

"Ishirini na nane."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Akasema, "Uliponiposa ulimdanganya baba yangu una mbuzi tisa. Nilikusamehe, maana mbuzi hawakumzuia mtu kwenda popote. Hili mwandikie leo. Na habari zangu mwandikie pia, kiapo nimekitengua, nimechoka kufichwa kama pombe."

Nimekuandikia. Kwisha.

Ila swali moja, la mtu aliyekatazwa akili. Hiyo mashine ya Wazungu, makopo yake ni ya mtu mmoja, au wanaazimana?

Bushiri


Iringa, 2 Julai 1957

Babu,

Wanaazimana. Kutwa nzima watu wako kwenye foleni, akitoka huyu anaingia yule, na hakuna anayesafisha kopo anapoondoka. Kila kopo lina mabaki ya aliyetangulia. Mimi nilimwandika mkalimani kana kwamba dunia ni mpya na mimi ndiye wa kwanza kuishika. Makopo yako yalikuwa mapya, ndiyo maana nikapata ishirini na nane. Esta asingeazima, ningetuma Mei, na kule lingetoka jibu la ajabu mbele ya Mwalimu, na nisingejua kwa nini mpaka leo.

Nimeongeza amri moja tu. Jina lolote likizaliwa, kabla halijapewa kazi, mkalimani anaagiza: mwaga kwanza. Nimefunga bahasha, imeondoka leo asubuhi kwa ndege. Kambi ya vitunguu nimeikataa.

Sijui nikushukuru au nikukasirikie, Babu. Mwezi mzima na kalamu nyekundu! Nimechoka kiasi kwamba hasira yenyewe imekaa chini. Nitafanya yote mawili nikifika. Nimeomba ruhusa, napanda basi la Alhamisi. Mwambie mke wangu asubiri.

Muhidini


Iringa, 2 Septemba 1957

Babu yangu,

Shikamoo. Nimefika salama baada ya arobaini ya Bibi. Nimekuta barua ya Mwalimu inaningoja tangu wiki iliyopita. Ni fupi. Amefanya mara tatu, katikati ya foleni, makopo machafu. Ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na nane. Nafasi ipo, na tiketi ya meli ipo Dar es Salaam tarehe ishirini.

Sijamjibu. Nakuona ulivyokuwa umekaa ukumbini siku ile naondoka, unafuta namba za mkaa kwenye makopo kwa kitambaa chake Bibi. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Nikikaa, kambi ya vitunguu bado inatafuta mtu. Sema neno moja, Babu, nami nitabaki. Sitakulaumu.

Nilikusikia unakohoa pia. Kifua si changu peke yangu.

Muhidini


Ilomba, 8 Septemba 1957

Kwa mjane mwenzangu,

Marahaba. Utani umerudi, ulikwenda kuzika.

Unataka neno moja. Ndiyo kosa lako la siku zote, unataka jina lishike thamani moja na kuganda. Mimi leo nakutaka hapa, kesho nakutaka huko, Ijumaa nikitoka kaburini nakutaka hapa tena. Usiandike daftarini "Babu ni mpweke" halafu ukaweka upweke kila unapoliona jina langu. Andika nilipo. Nipo Ilomba, nyumba ya pili baada ya Esta. Vilivyomo vitabadilika vyenyewe.

Esta huniletea uji asubuhi, nami hurudisha bakuli na kitu ndani, juzi nilitia msumari, sikuwa na kingine. Akacheka mpaka akakaa chini. Nyumba haiko kimya hivyo unavyodhani.

Na bibi yako, siku tatu kabla hajafa, wewe ulikuwa umekwenda kisimani, aliniuliza, "Zile tano bado umezificha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mpe."

Basi mpokee dereva wa basi kifurushi. Ni kopo la pili, la Jumla. Namba yake sikuifuta. Ndani mna punje tano zenye madoadoa, za Esta. Wakikuuliza forodhani sema ni hesabu.

Mara ya kwanza nilikuazima kwa watu wale, wakakurudisha mtupu, na kikohozi juu. Siwalaumu, hawakufundishwa adabu ya vyombo. Safari hii wewe unaijua. Nakuazima tena, miaka minne, na kopo lenyewe unalo mkononi. Mimi sifi kabla hujalirudisha, nimeshamwambia Mungu, hakukataa wala hakujibu.

Lirudishe. Ila usilirudishe tupu.

Mashine yako ya zamani,
Bushiri bin Salum